Chumba cha Mahin

Asubuhi ile nilitoka kwa binamu yangu pale Newtown bila kujua ninakokwenda. Hilo halikuwa jambo geni. Niliacha shule mapema, huko Mombasa, na tangu hapo miguu yangu ndiyo imekuwa mwalimu wangu: Nairobi, Kampala, Rotterdam, Leicester, kisha Birmingham. Nikiona mlango uliofunguliwa nusu, lazima nijue kuna nini ndani. Tabia hiyo imenipatia kazi nyingi, na mara nyingine imenipatia kofi.

Mke wa binamu alikuwa akimfunga mtoto kamba za viatu.

"Shemeji, leo unaelekea wapi?"

"Sijui bado."

"Basi ukitoka huko usikokujua, rudi na maziwa."

Mtoto akacheka. Yeye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu, na alichosema kwa Kiingereza ni kwamba Anko Nuru husahau maziwa kila siku. Nilikuwa nalala kwenye kochi lao tangu baridi ilipoanza. Walikuwa watu wema, na wema wao ulikuwa umeanza kuchoka.

Nilipanda basi la kwanza lililosimama. Nilishuka Aston kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, nikapita nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye gereji na maghala. Hapo harufu ya mkate ikanishika shati. Ilitoka kwenye ghala moja lenye mlango wa chuma ulioinuliwa kiasi cha kiuno. Niliinama nikachungulia. Mtu wa makamo mwenye nyusi nene alikuwa anatandaza kinyunga laini cha unga juu ya ubao wenye mpini mrefu, kisha anauingiza ndani ya tanuri na kuuvuta, na kinyunga kinabaki kimelala juu ya kokoto za moto.

"Mbona unaoka juu ya mawe?" nikauliza.

"Mbona unauliza?"

"Nataka kujua."

Aliitazama mikono yangu. "Nawa mikono," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi kwa Agha Bahram. Kwa Wairani khanum ni bibi na agha ni bwana, na wote walimwita hivyo, nami nikafuata. Kazi yangu ilikuwa kuupokea mkate ukitoka, mrefu kama mkono, na kuzing'oa kokoto zilizoganda chini yake kabla hazijamvunja mtu meno. Tulizungumza kwa Kiingereza, yeye kile cha Abadan, mimi kile cha Mombasa, na tulipokwama tulioneshana kwa vidole.

Kila asubuhi aliegemeza simu yake kwenye kopo la unga, na dada yake Mahin akatokea kwenye kioo akiwa jikoni kwake Tehran, miwani puani, birika nyuma yake. Hakuwa na la maana la kusema. Alikaa tu akimtazama mdogo wake akioka, kama mtu anayetazama mpira, na kutukana.

"Anasemaje?" nikauliza siku ya kwanza.

"Anasema nimeunguza."

"Hujaunguza."

"Anasema hivyo tangu nilipoanza kuoka."

Mahin aliniona, akauliza jambo. Agha Bahram akatafsiri kwa shingo upande: "Anauliza kama nakulisha, au nakupa harufu tu."

Mahin alikuwa na chumba chake tayari katika nyumba ya Agha Bahram, mitaa michache kutoka pale. Ombi lake la viza lilikuwa limekataliwa mara moja, wakaomba tena. Agha Bahram alikuwa ameshanunua kitanda na pazia la maua. "Nitakuja kama mgeni," Mahin aliniambia siku moja kwa Kiingereza alichokuwa amekikariri. "Na tiketi ya kurudi."

Nilimuuliza Agha Bahram kwa nini dada yake alisisitiza tiketi ya kurudi. Akanieleza huku akikanda, bila kuinua macho. Alikuwa mtoto mdogo Abadan, mji wa mafuta mpakani, wakati wa vita vya zamani na Iraki. Makombora yalipozidi, baba yao, naye mwokaji, alibaki kwa sababu waliobaki walihitaji mkate. Mahin alikuwa msichana wa shule. Alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka nje ya mji. Baba hawakumwona tena. Huko barabarani, Mahin alimwapia mtoto aliyekuwa mgongoni mwake: nimekimbia mara hii kwa ajili yako, sitakimbia tena, hata mbingu ianguke.

"Watu wa nyumbani hawaijui hadithi hiyo," Agha Bahram akasema. "Nani anapenda kusimulia kwamba alibebwa?"

"Mbona umenisimulia mimi?"

"Kwa sababu wewe huachi kuuliza."

Siku za Jumamosi ghala liligeuka baraza. Wairani walitoka pande zote za jiji kufuata mkate, na ukishakuwa mkononi hawakuondoka. Wawili niliwajua vizuri. Kamran, dereva wa teksi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na Shirin, mfamasia, binti wa kaka mkubwa wa Agha Bahram, aliyekwisha kufariki, aliyekuja kwa treni kutoka Sutton Coldfield akiwa na viatu safi kupita kiasi kwa sakafu yetu. Walibishana juu ya nchi yao. Mwaka ule nyumbani kwao bei zilipanda, vijana walikamatwa, na kila mtu alisema mambo hayawezi kuendelea hivi. Walikubaliana hapo tu.

Kisha ndege za Israeli zikaanza kupiga Tehran.

Asubuhi ile Mahin alipokea simu kama kawaida. Nyuma yake dirisha lilikuwa limebandikwa ukanda wa gundi, alama ya msalaba. Agha Bahram hakuwasha tanuri. Aliongea kwa haraka, akiishika simu kwa mikono yote miwili. Nilielewa bila kutafsiriwa: ondoka, ondoka, ondoka.

Mahin akanywa chai. Akasema sentensi moja.

"Amesemaje?"

"Anasema zamu yake ya kukimbia ilishapita."

Tuliongea naye asubuhi mbili zaidi. Ya mwisho, sauti ilisikika mbali, kama mtu anaburuta kabati ghorofani. Mahin akageuka.

Sauti ya pili ilikuwa karibu.

Birika likatikisika. Akanyanyuka kwenda kuzima gesi. Mkono wake ukashika pazia.

Picha ikaganda hapo.

Agha Bahram aliendelea kumwita. Mkono ulibaki kwenye pazia mpaka kioo kikawa cheusi.

Siku hiyohiyo mtandao wa Iran ulikatwa, nchi nzima. Hakuna aliyejua kama nyumba ya Mahin ilikuwa imepigwa, au ni waya tu uliokatika. Agha Bahram alirudi kwenye tanuri. Kila asubuhi aliiegemeza simu kwenye kopo la unga, ikakaa pale, haina mtu.

Jumamosi iliyofuata baraza lilijaa kuliko siku zote, na waligombana kuliko siku zote.

"Waache wapige!" Kamran alisema. "Hawa wakubwa wetu wametukalia shingoni tangu nizaliwe. Wakipiga kichwa, mwili utaanguka wenyewe."

"Na mwili ni nani?" Shirin akauliza. "Ni shangazi yangu."

"Mimi pia nina mama kule, Shirin khanum. Mama yangu mwenyewe ananiambia, bora yaishe."

"Mama yako yuko Shiraz anakula zabibu."

"Na wewe uko Sutton Coldfield unauza dawa za kikohozi!"

Wakacheka wote, kicheko kifupi, kisha wakaona aibu. Kamran akanigeukia. Alipenda kunitafuta maneno akishindwa.

"Wewe Msomali, una bahati. Serikali yenu ilianguka mkapumzika."

Sikuwa nimepanga kusema. Nikasema kwamba siku iliyoanguka, baba yangu alinunua peremende akawagawia watoto wa mtaa mzima. Tulikuwa Barawa, mji wa pwani ambako lugha ya nyumbani ni ndugu wa Kiswahili, watu wa kufuma na kuuza, hatukuwa na bunduki wala ukoo wenye bunduki. Peremende zilikuwa bado mdomoni wakati malori ya kwanza yalipoingia. Hayakuwa ya serikali wala ya adui wa serikali. Yalikuwa ya yeyote aliyekuwa na lori.

"Iran si Somalia," Kamran akasema, kwa upole.

"Baba yangu alisema Somalia si Uganda."

Kamran akauma mkate wake, akatoa kokoto mdomoni, akaitazama.

Siku chache baadaye Shirin alikuja siku isiyo ya kawaida. Alikuwa amepaka wanja, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alimbusu baba yake mdogo, Amu-jan wake, mashavuni na kumwambia habari njema: mtu wa ukoo amepata laini ya simu kwa dakika chache. Mahin mzima. Amekwenda Kaskazini, kwa rafiki yake, kijijini karibu na Bahari ya Kaspi. Nusu ya Tehran imekimbilia huko. Huko hakuna mtandao kabisa, asitegemee kumsikia kwa muda.

Agha Bahram alisimama na ubao mkononi.

"Kaskazini," akasema.

"Ndiyo, Amu-jan. Kuna hewa nzuri."

"Mungu ashukuriwe."

Akautumbukiza ubao tanurini. Shirin akaketi, akaeleza habari za kijiji hicho, bustani zake, samaki wake. Aliongea sana. Nikasikia harufu, nikageuka. Mkate ulikuwa unateketea juu ya kokoto, na Agha Bahram alikuwa mbele yake, macho wazi, hauoni.

Shirin akanivuta nje. Kwenye maegesho, kati ya magari mabovu ya gereji, wanja wote ukamwagika. Jengo la Mahin lilikuwa limepigwa siku ileile ya pazia. Walishamzika.

"Usimwambie," akasema. "Ana mrija kwenye moyo. Na kwetu hatumwambii mtu aliye ugenini peke yake. Tunasema mgonjwa, tunasema amesafiri. Tunangoja watu wa damu wakusanyike, wamketishe, ndipo waseme. Kaka yangu anatafuta ndege kutoka Kanada. Mpaka hapo, Mahin yuko Kaskazini. Niahidi."

"Wote wanajua?"

"Wote. Kamran alinisaidia kuchagua kijiji."

Nilimwahidi. Ningemwambia nini? Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kati ya uongo wote wa duniani, walikuwa wamechagua ule mmoja usiowezekana. Mahin hakuwa mtu wa kukimbia. Agha Bahram alikuwa amejua tangu neno la kwanza.

Kuanzia hapo ghala lilikuwa jambo gumu kulitazama. Wateja waliingia wakiuliza, "Mahin khanum yu hali gani huko Kaskazini?" naye akajibu, "Yu salama, anakula samaki." Kamran, ambaye hakuwahi kushusha sauti hata kwa askari wa barabarani, sasa alisema tafadhali na ahsante. Siasa ziliisha. Hakuna aliyebishana tena mbele yake, kana kwamba nchi yao imepona ghafla. Wao walimficha yeye, yeye akawaficha wao, na kila mmoja alifikiri anambebea mwenzake mzigo.

Nami nilikuwa naijua njia hiyo. Nimeishi ndani yake.

Asubuhi moja, wateja wa kwanza walipokwisha kuondoka, Agha Bahram alikuwa anafuta unga kwenye kioo cha simu. Bado aliiegemeza kila siku. Nilikaa juu ya gunia nikamwambia:

"Agha Bahram, hujawahi kuniuliza nilitokaje Barawa."

"Ulitokaje?"

"Kwa boti ya injini. Watu wengi, alfajiri. Mama, mimi na wadogo zangu. Baba hakuwapo. Alikuwa ametoka nyumbani kabla yetu, na tulisikia risasi upande wa bandari."

Akaacha kufuta.

"Mama alitangulia bandarini kutafuta nafasi. Aliporudi kutuchukua, kanga yake ilikuwa na matope magotini. Niliuliza baba yuko wapi. Akasema amekwenda kutafuta dizeli ya boti, atatufuata. Tukapanda. Injini ikawaka."

"Naye hakuja."

"Hakuja. Mombasa tukamngoja. Kila Idi mama alimpikia sahani yake. Aliwaambia watu, mume wangu alikwenda kutafuta dizeli."

"Na wewe ukajua lini?"

"Siku ileile. Ndani ya boti nilikalishwa juu ya pipa. Lilikuwa limejaa, linanuka. Lilikuwa la dizeli."

Tanuri lilikuwa linavuma taratibu. Agha Bahram alikuja akaketi kwenye gunia la pili.

"Hukumwambia mama yako?"

"Niliona anahitaji niamini. Naye, nadhani, aliona nahitaji aseme. Alifariki Mombasa, mimi nikiwa Rotterdam. Mpaka mwisho kwenye simu aliniambia, baba yako akija tutakuja huko wote. Nikamwambia inshallah. Hatukuwahi kulia pamoja, Agha Bahram. Hata siku moja. Kwetu mtu akifa kunawekwa matanga, watu wanakuja, wanakaa chini. Baba yangu hajawekewa matanga mpaka leo."

Agha Bahram alinyanyuka, akaitia simu mfukoni mwa aproni, akaniambia nifagie.

Siku ya pili yake nilifika nikakuta harufu mpya. Haikuwa ya mkate. Agha Bahram alikuwa amesimama mbele ya sufuria, anakaanga unga ndani ya samli, anageuza, anageuza, mpaka rangi yake ikawa kahawia kama udongo uliolowa. Akamimina sukari iliyochemshwa kwa maji ya waridi na zafarani. Mvuke ukampiga usoni.

"Halua!" nikasema, nikafurahi kama mjinga. "Leo kuna sherehe?"

Kwetu Barawa halua ni ya arusi. Hakuna posa bila halua.

"Kwetu," akasema bila kugeuka, "ni ya maiti."

Aliitandaza kwenye sahani, akaikwangua mistari kwa kijiko, akanipa ya kwanza.

"Ule. Umsomee."

Nilikula. Nikamsomea Fatiha, yeye amesimama pembeni, mikono imeganda unga.

Shirin aliingia kabla sijamaliza kunawa. Alikuwa na mtu mrefu mwenye sanduku la safari, kaka yake, aliyetoka uwanja wa ndege. Nyuma yao Kamran, kofia mkononi. Walikuwa na nyuso za watu waliokariri. Nadhani walikuwa wamegawana sentensi njiani, nani aanze, nani amshike mkono.

Harufu ikawakuta mlangoni. Walisimama wote watatu.

"Mmechelewa," Agha Bahram akasema. "Kaeni mle."

Shirin akaziba mdomo. "Amu-jan, nani amekuambia?"

"Wewe."

"Mimi nilisema yuko..."

"Kaskazini. Mahin! Mngesema ameanguka bafuni, ningewaamini. Mngesema ameolewa, ningewaamini."

Kamran alicheka, na kicheko kikavunjikia njiani. Yeye ndiye aliyelia kwanza, mtu mzima, kichwa kwenye mlango wa chuma, akisema alikichagua kijiji yeye, kina maua ya chai, alifikiri ni kizuri. Kisha Shirin. Agha Bahram aliwatazama mpaka akahakikisha kila mmoja ana mtu wa kumshika. Ndipo naye akaketi sakafuni, kwenye unga, akamwita dada yake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, kwenye nyumba za watu wengine.

Mkate haukuokwa. Waliokuja walipewa halua. Watu walikaa chini mpaka adhuhuri, na wale waliotaka mabomu yaendelee walikaa bega kwa bega na wale waliowaita wasaliti kwa kutaka hivyo. Sisemi walipatana. Wiki chache baadaye walikuwa wanatukanana tena, na huko kwao serikali ilikuwa palepale, na vijana walikuwa wanakamatwa tena. Kilichobadilika ni jengo moja na watu waliokuwa ndani yake.

Jioni, tulipokuwa tunasugua sufuria, Agha Bahram aliniuliza ninalala wapi.

"Newtown. Kwenye kochi la binamu."

"Kochi si kitanda."

Nilikwenda Newtown kuchukua begi langu. Nilipeleka maziwa. Shemeji aliyapokea, akayatazama, akanitazama usoni, akasema, "Kuna nini, Nuru?" Nikamwambia kuna msiba. Hakuuliza wa nani. Akamtuma mtoto alete kiti.

Nyumba ya Agha Bahram ni moja ya zile zilizoshikana safu nzima. Alinipandisha ngazi, akafungua mlango, hakuingia. Pazia la maua. Kitanda kimetandikwa. Birika dogo la umeme juu ya meza, kwa kuwa Mahin hakupenda kushuka ngazi kufuata chai. Chini ya kitanda kulikuwa na ndara mpya za manyoya, bado zimeshonwa pamoja na uzi wa dukani, zimeelekezwa mlangoni kama zinavyowekewa mgeni.

"Hizo ziache," akasema.

"Nitaziacha."

Akashuka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nimelala misikitini, ndani ya malori, kwenye vituo vya treni, na popote nilipolala begi langu lilibaki limefungwa, kwa sababu mtu anayengojewa au anayengoja hafungui begi. Nilifikiri juu ya baba, ambaye sijui kaburi lake. Mahin analo, ila ndugu yake hajalifikia, na pengine hatalifikia. Sikuweza kusema ni lipi zito zaidi. Yote mawili yalikuwa pale chumbani.

Chini nilisikia maji yakimiminwa kwenye birika. Nikafungua zipu, nikatoa nguo moja moja, nikazitundika kabatini.